Matawi ya Itto-ryu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mkondo mmoja wa upanga wa Japani na matawi yake matano yanayotajwa zaidi: Ono, Mizoguchi, Nakanishi, Hokushin na Muto. Majina ya Kijapani yasome kama Kiswahili, kila irabu itoke wazi, nawe hutakosea sana. Isipokuwa "ryu": hiyo ni silabi moja, usiigawe ikawa "ri-yu".

## Mambo ya msingi

1. Itto-ryu ni nini, na hiyo "ha" inayofuata baadhi ya majina ina maana gani?

Itto ni "upanga mmoja". Ryu ni mkondo, kama mkondo wa maji, na ha ni tawi, pale maji yanapogawanyika. Kwa hiyo Ono-ha Itto-ryu ni "tawi la Ono la mkondo wa upanga mmoja".

Mkondo unaanzia kwa Ito Ittosai Kagehisa, mpiga upanga aliyekuwa akizunguka nchi mwishoni mwa karne ya 16. Mrithi wake, Mikogami Tenzen, ndiye aliyebadili jina akawa Ono Jiroemon Tadaaki. Mwaka 1593 aliingia katika utumishi wa ukoo wa Tokugawa kwa posho ya koku 200 (koku moja ni kama lita 180 za mchele), akamfundisha Hidetada, aliyekuja kuwa shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) wa pili wa ukoo huo. Tangu hapo nyumba ya shogun ilikuwa na mafunzo ya upanga ya aina mbili, hii ya Ono na ile ya Yagyu Shinkage-ryu.

2. Mbona Hokushin na Muto hazina "ha"?

Kwa sababu waanzilishi wake waliongeza kitu cha kutosha kudai jina jipya. Chiba Shusaku aliunganisha Itto-ryu na mkondo wa nyumbani kwao, Hokushin Muso-ryu, ikawa Hokushin Itto-ryu. Yamaoka Tesshu aliita yake Muto-ryu, "mkondo usio na upanga", na baadaye Itto Shoden Muto-ryu. Ukitazama mbinu, zote mbili ni matawi. Yapo na mengine, kama Chuya-ha na Kaji-ha, ambayo hatutayagusa hapa.

3. Ni kitu gani kinachofanana katika matawi yote?

Kiriotoshi, yaani "kukata na kuangusha". Adui anakata kichwani kwako. Nawe unakata katika mstari uleule wa katikati. Upanga wako unausukuma wake nje ya njia kwa kule kukata kwenyewe, na ncha yako inaishia usoni au kooni kwake. Kinga na shambulio vinatoka kwa pigo moja la ngoma. Anayekinga kwanza ndipo akate hajafanya kiriotoshi, hata kama ameshinda.

4. Kiriotoshi inafanywaje hatua kwa hatua, na inaharibikia wapi?

Simama seigan: mguu wa kulia mbele, kisigino cha kushoto kimenyanyuka kidogo, ngumi ya kushoto mbele ya kitovu, ncha ikielekea machoni mwa mwenzako. Mngoje aanze kushuka kweli. Inua upanga kiasi cha kukata tu, usiupeleke nyuma ya kichwa. Piga hatua moja mbele kwa mguu wa kulia na ukate wima katikati ya mwili wake. Ubavu wa upanga wako, pale kwenye ule mgongo mwembamba uitwao shinogi, unakutana na wake na kuuteleza. Mikono haisimami pale panga zinapogusana. Inaendelea kushuka mpaka ncha ifike kooni, na nyonga zinafuata.

Kosa la kwanza, nalo ndilo la kila anayeanza, ni kusukuma kando. Utalijua ukiona ncha yako imeishia nje ya bega lake badala ya katikati. Mkono wa kulia ndio unaofanya kazi yote. Ulegeze, uache wa kushoto uvute. Kosa la pili ni kukata mapema. Mwenzako akiwa bado hajajitoa, anabadili njia na kukukata mkononi. La tatu ni woga wa mwili: kichwa kinarudi nyuma sentimita chache, nyonga zinabaki, na ncha haimfikii.

Tumia masikio pia. Kiriotoshi safi hutoa mlio mmoja mkavu. Ukisikia miwili, ta-ta, umekinga kisha ukakata.

5. Kwa nini mwalimu ndiye anayeshindwa katika kila zoezi?

Katika kata, yaani mazoezi ya watu wawili yaliyopangwa, mmoja ni uchidachi na mwingine shidachi. Uchidachi anashambulia na kushindwa; shidachi anajibu na kushinda. Uchidachi ni mkubwa kwa ujuzi, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika umbali, mwendo na ukweli wa shambulio. Akikata kwa uongo, tuseme akilenga hewa pembeni mwa kichwa ili asimuumize mdogo, shidachi hana cha kukata na kiriotoshi yake inakuwa mchezo wa kuigiza. Matawi yote yanakubaliana juu ya hili.

## Tofauti za matawi

6. Kama mbinu ya msingi ni moja, tofauti zimetoka wapi?

Zimetoka katika swali moja la kivitendo: utafanyaje mazoezi ya pigo linaloua bila kuua mwenzako, na bila kulilegeza? Ono-ha ilijibu kwa glavu, Nakanishi kwa vazi la kinga na upanga wa mianzi. Hokushin ilichukua jibu la Nakanishi ikalipangia mtaala, na Muto-ryu ikarudi nyuma kusema mianzi imeharibu watu. Hata namna ya kusimama, urefu wa silaha na idadi ya kata vinaeleweka vizuri zaidi ukianzia hapo.

7. Mtindo wa Ono-ha unatambulikaje?

Ni mzito, mnyoofu na hauna mapambo. Ncha hutulia. Miguu hukaa kwenye mstari wa katikati, na hata pale kata inaporuhusu kukwepa, tawi hili huelekea kuingia ndani. Kata za upanga mrefu ni 50, zinafuatwa na za upanga mfupi dhidi ya mrefu (9), za mfupi kwa mfupi (8), kisha ngazi za juu zaidi. Ya kwanza kabisa huitwa Hitotsugachi, "ushindi mmoja", na ndani yake kiriotoshi imeshakaa. Huanzi na vidogo ukangoja siri ya mwisho: siri unapewa siku ya kwanza, halafu unatumia miaka kuielewa.

Tawi hili lilihifadhiwa kaskazini, katika himaya ya Tsugaru huko Hirosaki, pamoja na ukoo wa Yamaga. Huko ndiko alikotoka Sasamori Junzo (1886–1976), aliyelileta hadharani katika karne ya 20.

8. Yale maglavu makubwa ni ya nini?

Yanaitwa onigote, "glavu za zimwi", nayo yanafanana na jina lake: ngozi nene iliyojazwa, kubwa kuliko glavu za kendo (mchezo wa upanga wa Japani ya leo), yakifunika kiganja na sehemu ya mkono wa mbele. Uchidachi ndiye anayevaa. Kazi yake ni kumwezesha shidachi kupiga mkono kwa upanga wa mti bila kuzuia nguvu.

Wengi hudhani ni suala la usalama tu. Umuhimu wake mkubwa uko kwenye umbali. Anayezoea kusimamisha pigo kabla halijagusa hujifunza, bila kujua, kusimama sentimita 5 hadi 10 mbali zaidi ya inavyotakiwa. Siku akitakiwa kufika, hafiki. Kwenye onigote pigo linatua, na uchidachi anasikia kama ni zito, jepesi au limepinda.

Yanayoharibika: shidachi kupiga juu kupita pale palipojazwa, akafika karibu na kiwiko, uchidachi kukunja kifundo wakati wa kupokea, na kuendelea kutumia glavu ambazo ujazo wake umesagika na kuhamia upande mmoja. Bonyeza kwa kidole gumba kila mara kabla ya kuvaa. Ukisikia mfupa wako, hazifai.

9. Mizoguchi-ha inatofautiana vipi?

Mwanzilishi wake, Mizoguchi Shingozaemon Masakatsu, alijifunza ndani ya mkondo wa Ono, na tawi likaota mizizi Aizu, katika mkoa wa Fukushima wa leo. Kata zake ni chache sana ukilinganisha na Ono-ha. Ono-ha hupasua katikati. Mizoguchi hugeuka kushoto na kulia, ikitoka kidogo kwenye mstari na kushinda kwa pembe. Ndiyo maana anayetoka Ono-ha akiiona mara ya kwanza huhisi kama anatazama mkondo mwingine kabisa.

10. Nakanishi-ha ilibadili nini?

Ilibadili mafunzo ya upanga ya Japani nzima. Katika enzi ya Horeki (1751–1764) Nakanishi Chuzo Tanetake aliingiza mapambano ya huru kwa shinai, upanga wa mianzi, pamoja na barakoa ya chuma na kinga ya kifua. Hakuwa wa kwanza kubuni. Naganuma Kunisato wa Jikishinkage-ryu alikuwa ametangulia kwa miongo kadhaa. Lakini kwa Itto-ryu ilikuwa mageuzi, na vijana wakamiminika.

Si wote waliopenda. Terada Muneari aliondoka kwa kuona kwamba kata zimetupwa, akajifunza kwingine, kisha akarudi baadaye akiwa bado haamini mianzi. Dojo hiyohiyo, yaani ukumbi wa mazoezi wa Nakanishi, ilikuwa na Takayanagi Matashiro, aliyesifika kwa "upanga usio na sauti": alishinda bila panga kugusana. Hebu fikiria. Katika nyumba ya kiriotoshi, ambayo uhai wake ni mgusano wa panga, mmoja wa mabingwa alikuwa hagusi. Kwa hiyo usimwamini sana anayekwambia "tawi hili hufanya hivi daima".

11. Hokushin Itto-ryu ina nini kipya?

Mpangilio. Chiba Shusaku alifungua dojo yake, Genbukan, mjini Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1822. Ngazi nane za vyeti alizozikuta alizipunguza zikawa tatu. Wengi humsifu kwa kurahisisha njia. Tukumbuke pia kwamba kila ngazi ilikuwa na ada yake, kwa hiyo nafuu ilifika hadi mfukoni.

Kisha akaziainisha mbinu za mapambano ya shinai kwa sehemu inayopigwa: 20 za kichwa, 18 za kuchoma, 12 za mkono, 7 za kiwiliwili na 11 za mapigo yanayofuatana. Jumla 68. Leo hili linaonekana la kawaida, ila wakati ule mafunzo mengi yalifichwa nyuma ya majina ya kishairi.

Kwa macho, tazama ncha. Hokushin huichezesha kidogo juu na chini, na wenyewe hulinganisha na mkia wa kindege kiitwacho sekirei. Sababu ni mbili: mkono unaotikisika polepole haugandi, na mwenzako hajui ni mtikisiko upi utakaogeuka shambulio. Mwanafunzi akiiga bila kuelewa, ncha hutoka nje ya mwili wa mwenzake na kumfungulia mlango. Mwendo ni mdogo, nao unatoka tumboni.

Onigote zipo pia katika tawi hili. Makao yake mashuhuri nje ya Edo ni mji wa Mito, ambako dojo ya Tobukan ilianzishwa mwaka 1874.

12. Je, Hokushin hufundisha upanga peke yake?

Hapana, kuna na naginata, mkuki wenye ubapa uliopinda. Sakamoto Ryoma, samurai mashuhuri wa karne ya 19, alipata hati ya naginata ya Hokushin mwaka 1858 kutoka dojo ya Chiba Sadakichi, mdogo wake Shusaku. Sana, binti wa Sadakichi, alijulikana kwa silaha hiyohiyo.

13. Muto-ryu ni mtindo au ni falsafa?

Swali linaulizwa kwa sababu Yamaoka Tesshu (1836–1888) alikuwa mtu wa Zen, njia ya Kibudha ya kutafakari, na tarehe 30 Machi 1880 inatajwa kuwa siku aliyofunguka macho, baada ya miaka mingi ya kuzuiwa akilini na upanga wa Asari Yoshiaki wa mstari wa Nakanishi. Lakini ukiingia dojoni, Muto-ryu ni jasho kwanza.

Mwanafunzi mpya alifanya uchikomi, kushambulia tu bila kujilinda, kwa miaka mitatu. Kisha kulikuwa na seigan (neno hili ni "kiapo", si lile la mkao wa swali la 4, ingawa hutamkwa sawa). Ngazi ya kwanza ni mapambano 200 kwa siku moja, ya pili 600 kwa siku tatu, ya tatu 1,400 kwa siku saba. Mwili ukishachoka kabisa, ujanja wa mkono unakufa, na kinachobaki ni kuingia mbele moja kwa moja, ambako ndiko Itto-ryu ilikoanzia.

Mwaka 1885 Tesshu alipokea mafundisho ya ukoo wa Ono kutoka kwa Ono Nario, akaongeza "Itto Shoden", yaani "urithi sahihi wa Itto", kwenye jina. Kwa hiyo Muto-ryu ina damu ya pande mbili: mapambano ya Nakanishi na kata za Ono. Waliomfuata si watu wa pembeni. Mkuu wa nne, Kusaka Ryunosuke, alikuwa mnadhimu mkuu wa kikosi cha meli za ndege kilichoshambulia Pearl Harbor. Wa tano, Ishida Kazuto, alikuwa Jaji Mkuu wa Japani kuanzia 1969 hadi 1973.

## Vifaa

14. Urefu wa shinai una uhusiano gani na matawi?

Mkubwa. Katika miaka ya 1830 Oishi Susumu, ambaye si wa Itto-ryu, alitikisa dojo za Edo kwa shinai ya shaku 5 na sun 3, karibu sentimita 161 (shaku ni kipimo cha Kijapani cha sentimita 30 hivi, na sun ni sehemu yake ya kumi). Kila mtu akarefusha. Mwaka 1856 chuo cha kijeshi cha serikali, Kobusho, kiliweka kikomo cha shaku 3 na sun 8, kama sentimita 115. Tesshu alikwenda kinyume: shaku 3 na sun 2, sentimita 97 hivi, tena nene. Silaha fupi inakulazimisha uingie.

Kuna jambo jingine. Shinai ni ya mviringo, haina shinogi, kwa hiyo kiriotoshi haishiki vizuri. Mianzi inateleza na wote wawili mnagongana vichwa. Usihukumu kiriotoshi kwa shinai. Ifanye kwa upanga wa mti.

15. Naweza kuchongesha upanga wa mti kwa seremala wa hapa? Mpingo unafaa?

Kuchongesha unaweza, ila si kwa mpingo. Mpingo huzama majini kwa uzito wake. Upanga wa mwaloni wa Japani una kama gramu 500 hadi 600. Wa mpingo wa ukubwa uleule utazidi karibu kwa nusu, na viganja vyako vitajifunza kukaba badala ya kukata.

Mwambie seremala mambo matatu: nyuzi za mti ziende sambamba na urefu mzima, mkunjo uwe mdogo, na ubavu uwe na ule mgongo wa shinogi, usiwe mviringo kama mpini wa jembe. Usipake vanishi, mkono wenye jasho utateleza. Paka mafuta ya kitani kidogo na ufute. Kabla ya mazoezi pitisha kitambaa: kikinasa, kuna kibanzi. Ukiona ufa, uwe mdogo namna gani, huo ni kuni.

## Maswali ya pembeni

16. Nikitazama video, nitajuaje ni tawi lipi?

Onigote peke yake hazitoshi, kwa kuwa Ono na Hokushin wote wanazo. Anza na ncha: imetulia au inacheza (swali la 11). Kisha miguu: inabaki kwenye mstari au inageuka pembeni (swali la 9). Mwisho, tazama kinachotokea baada ya panga kugusana. Ukiona kata ileile lakini mwendo tofauti, usikimbilie kusema mmoja amekosea. Mara nyingi ni walimu wawili wa tawi lilelile.

17. Kendo ya leo imetoka tawi gani?

Haikutoka tawi moja, ila Itto-ryu imo kwa wingi. Kamati ya watu watano iliyoandika kata za kendo mwaka 1912 ilikuwa na Naito Takaharu na Monna Tadashi, wote wa Hokushin, na Takano Sasaburo wa Itto-ryu. Kata hizo ni 10: saba za upanga mrefu, tatu za mfupi. Vazi la kinga na shinai ndiyo yale ya swali la 10.

18. Naweza kujifunza matawi mawili kwa pamoja?

Miaka ya mwanzo, hapana. Mikondo miwili isiyofanana kabisa ni rahisi kuitenganisha kichwani kuliko matawi mawili yanayofanana. Ukichanganya Ono na Hokushin, ncha itaanza kucheza pale inapotakiwa itulie, na hutajua kosa limeingia kutoka wapi. Mwalimu wa huku atakusahihisha kitu ambacho wa kule amekusifia.

19. Menkyo kaiden ni sawa na mkanda mweusi?

La. Kwa msomaji wa pwani mfano wa karibu ni ijaza: ruhusa ya kufundisha inayotoka kwa mtu aliyepewa na mtu aliyepewa, mpaka juu. Inathibitisha silsila, haipimi nani atamshinda nani. Ndiyo maana tawi linaweza kuwa na wenye menkyo kaiden kadhaa na mkuu mmoja, au wakuu wawili wanaokataana.

20. Sina mwalimu karibu. Nianzie wapi?

Kiriotoshi haijifunzwi bila mtu wa pili, maana inategemea shambulio la kweli. Peke yako unaweza kujenga vitu viwili: kusimama seigan bila mabega kupanda, na kukata wima. Tundika uzi wenye kijiwe mwishoni, simama mbele yake, ukate polepole sambamba nao mara 100. Ncha ikikengeuka kutoka kwenye uzi, ni mkono wa kulia tena.

Ukipata mwalimu, muulize: ni tawi gani, nani alimfundisha, na je, bado anakwenda kwa mwalimu wake? Jibu la tatu lina uzito kuliko mawili ya kwanza.